Kompaila ya Kuazima Haisitiri

Mhandisi kijana akisema anataka kujenga mwenyewe kompaila ya kifaa anachokitengeneza, jibu analopata ni moja, awe Nairobi, Dar es Salaam au Kigali: usipoteze muda, pakua iliyo tayari. Wahadhiri wanalisema, wakuu wa miradi wanalisema, na limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelidai ushahidi tena. Mimi nalikataa. Ni ushauri mbaya kwa yeyote anayetengeneza kifaa kitakachofungwa ukutani kwa mtu na kubaki hapo miaka kumi au ishirini, na madhara yake huanza kuonekana wakati aliyeutoa ameshahamia kazi nyingine.

Tuelewane kwanza tunabishania nini. Ruta, mita, king'amuzi au mashine ya kukatia tiketi inayotumia Linux huwa na prosesa ndogo, ya ARM, MIPS au RISC-V, na kumbukumbu kidogo. Programu zake hukompailiwa nje, kwenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel au AMD, kwa kompaila mtambuka: inafanya kazi kwenye mashine ya aina moja na kuzalisha msimbo wa mashine ya aina nyingine. Kompaila hiyo haiji peke yake. Kuna asembla na kiunganishi kutoka binutils, kuna GCC yenyewe, kuna faili za heda za kerneli, na kuna maktaba ya C, iwe glibc, musl au uClibc-ng. Vyote hivyo kwa pamoja ndivyo ninavyoviita hapa seti ya zana.

Wanaotetea seti ya kupakua wana hoja nne, nami nitazitaja kama wanavyozitaja wenyewe. Ya kwanza ni muda: kazi ni ngumu na inazunguka, maana GCC haikamiliki bila maktaba ya C, na maktaba ya C haikompailiwi bila GCC. Inabidi ujenge kompaila ya awali isiyo na maktaba, uchukue heda za kerneli, ujenge maktaba kwa kompaila hiyo, kisha urudi kujenga kompaila kamili. Ya pili ni utaalamu: Arm, Debian, Bootlin au mtengeneza chipu wamekwisha kuijenga, na wameipima kuliko utakavyoweza wewe. Ya tatu ni kwamba ukishaipakua unaweza kuifungia ndani ya kontena ikabaki ileile miaka yote. Ya nne ni mteja: halipii kompaila, analipia kifaa kinachofanya kazi.

Hizi si hoja za kipuuzi. Lakini zote nne zimesimama juu ya dhana moja ambayo haisemwi: kwamba kompaila ni chombo cha fundi, kazi ikiisha kinarudi sandukuni na ndani ya bidhaa hakibaki kitu chake. Dhana hiyo si kweli. Programu ya C haianzi kwenye main. Inaanzia kwenye faili ndogo ya kuanzishia, crt1.o, iliyokuja na seti ya zana. Kila inapogawanya namba ambayo prosesa haiwezi kuigawanya yenyewe, inaita libgcc, iliyokuja na seti ya zana. Kila inapofungua faili, kuomba kumbukumbu au kutafuta anwani ya seva, inapitia maktaba ya C iliyojengwa pamoja na seti hiyo. Aliyejenga kompaila amekwisha kuandika sehemu ya kifaa chako, na sehemu hiyo itakwenda nacho hadi nyumbani kwa mteja.

Nianze na hoja ya utaalamu, maana ndiyo inayowanyamazisha vijana upesi zaidi. Chukua Raspberry Pi Zero ya kwanza, bodi ya bei nafuu ambayo wanafunzi wengi huanzia. Prosesa yake ni ARM1176, ya kizazi cha ARMv6. Mwanafunzi aliye kwenye Ubuntu anasakinisha kifurushi cha gcc-arm-linux-gnueabihf, anaandika programu ya mistari mitano, anaikompaili bila onyo lolote, anaihamishia kwenye bodi na kuiendesha. Bodi inajibu kwa maneno mawili, Illegal instruction, kisha programu inakufa. Sababu ni kwamba Debian na Ubuntu waliamua armhf yao ianzie ARMv7, kwa hiyo kompaila imetoa maagizo ambayo prosesa ya zamani haiyajui kabisa.

Anauliza, anaambiwa aongeze -marm -march=armv6+fp. Anaongeza, na programu inakufa vilevile. Nyongeza hiyo inagusa mistari yake mitano tu; crt1.o iliyokuja na kifurushi ilikwisha kukompailiwa kwa ARMv7, na hakuna unachoweza kuandika kwenye mstari wa amri kikaibadilisha. Dawa ni seti iliyojengwa tangu mwanzo kwa --with-arch=armv6 --with-fpu=vfp --with-float=hard. Ndiyo sababu mwaka 2012 Mike Thompson na Peter Green walikompaili upya maelfu ya vifurushi vya Debian ili ipatikane Raspbian: hapakuwa na njia ya mkato. Na linalonisumbua zaidi ni kwamba kompaila ya Raspbian na ile ya Ubuntu zina jina lilelile, arm-linux-gnueabihf. Ukitaka ukweli itakubidi uendeshe readelf -A na kusoma mstari wa Tag_CPU_arch, v6 au v7. Aliyejenga seti yake anajua aliandika nini hapo. Aliyepakua hajui hata kwamba kulikuwa na swali.

Wataalamu walipima, sibishi. Walipima kwa prosesa walizozikusudia wao, kwa maktaba waliyoichagua wao, na kwa umri wa mifumo wanayoihudumia wao. Kifaa chako hakikuwamo kwenye orodha yao.

Umri wa mifumo unastahili maelezo yake peke yake, maana hapo ndipo siku nyingi za kazi hupotea. Bodi nyingi zinazouzwa huja na mfumo wa mtengeneza chipu wenye kerneli ya miaka kadhaa nyuma na glibc ya zamani. Mhandisi anapakua kompaila mpya kabisa, kwa imani kwamba mpya ni bora, anakompaili, na bodi inamwambia version `GLIBC_2.34' not found. Anashangaa, maana programu yake haitumii kitu chochote kipya. Lakini glibc 2.34, iliyotoka Agosti 2021, iliiingiza maktaba ya nyuzi ndani ya libc, na ikaipa toleo jipya hata __libc_start_main, kazi ambayo kila programu huiita kabla ya main. Hata programu isiyofanya chochote, ikikompailiwa hivyo, haitaanza kwenye bodi yenye glibc ya zamani. Ushauri anaoupata mara nyingi ni kunakili libc mpya aiweke juu ya ile ya kwenye bodi, na akiufuata huenda bodi isiwake tena. Kama libc hiyo mpya ilijengwa kwa kutegemea kerneli mpya kuliko iliyomo, atasalimiwa na FATAL: kernel too old. Haya si mafumbo. Ni matokeo ya chaguo tatu, toleo la GCC, toleo la maktaba ya C na toleo la heda za kerneli, ambazo mtu mwingine alizifanya akiwa na bodi nyingine kichwani. Anayejenga seti yake anazifanya yeye, tena kwa kuitazama kerneli iliyo mezani pake.

Hoja ya kontena inaonekana kuziba pengo hili: basi pakua seti inayofaa, ifungie, usiiguse tena. Kinachofungiwa humo ni faili. Namna faili hizo zilivyopatikana haifungiwi, na kasoro zake zinafungiwa pamoja nazo. Mwezi Januari 2015 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro ya glibc iliyopewa jina la GHOST, kwenye gethostbyname, kazi inayotafuta anwani ya seva kutokana na jina lake. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu glibc 2.2 ya mwaka 2000. Ilikuwa imerekebishwa kwenye chanzo Mei 2013, ila hakuna aliyeitambua kuwa ni ya usalama, kwa hiyo mifumo mingi iliendelea kuibeba. Wasimamizi wa seva walisasisha kifurushi kimoja na kuwasha upya. Sasa mfikirie aliyeuza ruta ambazo glibc yake ilitoka kwenye seti ya mtengeneza chipu, haina chanzo karibu, haina kumbukumbu ya viraka vilivyowekwa. Anachoweza kufanya ni kuandika barua pepe kwa mtengeneza chipu, ambaye amekwisha kuacha chipu ile na anauza nyingine. Aliye na maelekezo yake ya kujengea anabadilisha toleo au kuongeza kiraka, anajenga upya, anapima, anasambaza sasisho. Kontena haikumsaidia wa kwanza. Ilimhifadhia tundu.

Na wanaotoa seti za bure hawajaahidi kubaki. CodeSourcery ilikuwa ndiyo kompaila ya ARM ambayo miongozo mingi iliielekeza. Ikanunuliwa na Mentor Graphics mwaka 2010, nayo Mentor ikanunuliwa na Siemens mwaka 2017. Hadi leo unakuta mwongozo wa bodi ukikuamuru upakue arm-2009q3 mahali ambapo hakuna kitu. Linaro nao walijenga seti zilizotegemewa na watu wengi sana, kisha wakaacha, kazi ikahamia Arm. Hakuna aliyevunja mkataba, maana mkataba haukuwapo.

Lipo jambo lingine ambalo watetezi wa kupakua hawapendi kulizungumzia, nalo ni imani. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionyesha katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, uliochapishwa mwaka 1984, kwamba kompaila inaweza kufundishwa kupandikiza mlango wa siri ndani ya programu, na kuendelea kuupandikiza hata baada ya chanzo chake chenyewe kusafishwa. Kwa miaka mingi watu waliichukua hoja hiyo kama zoezi la akili. Septemba 2015 ikaonekana nchini China. Waandishi wa programu za iPhone, kwa sababu kupakua Xcode kutoka kwa Apple kulichukua muda mrefu mno, walichukua nakala zilizowekwa kwenye hifadhi ya Baidu. Nakala hizo zilikuwa zimechezewa, na kila programu iliyokompailiwa kwazo ilitoka na msimbo wa ziada ambao mwandishi wake hakuuandika. Ikaitwa XcodeGhost, na hata WeChat ilikuwamo. Waandishi wale hawakuwa wazembe kuliko sisi. Walikuwa na intaneti ya polepole na rafiki mwenye nakala. Nani kati yetu hajapokea seti ya zana kwenye flashi, kutoka kwa mtu aliyeipata kwa mtu mwingine, kwa sababu bando lilikuwa limekwisha? Sidai kwamba kujenga mwenyewe kunamaliza tatizo la Thompson; kompaila ya kuanzia lazima itoke mahali fulani. Lakini chanzo cha GCC, binutils na glibc hutolewa kikiwa na saini zinazoweza kuthibitishwa, na anayekijenga anajua alianza na nini. Faili ya flashi haina historia yoyote.

Sasa muda, hoja inayotajwa kwanza kila mara. Ilikuwa kweli zamani. Kulikuwa na wakati ambapo kupata mchanganyiko wa GCC, glibc na heda unaokubali kujengwa pamoja kulimchukua mtu aliyebobea wiki nzima, na Dan Kegel akaandika crosstool hasa ili mateso hayo yasijirudie kwa kila mtu. Mwaka 2007 Yann Morin akaanza crosstool-NG, yenye menyu kama ile ya kerneli. Buildroot nayo inajenga seti ya zana na mfumo mzima kwa amri moja. Leo unachagua prosesa, unachagua aina ya hesabu za desimali, unachagua maktaba ya C na toleo la heda, unaandika make na kwenda kula. Kwenye kompyuta ya kawaida kazi hiyo inaisha ndani ya saa moja au mbili. Kinachobaki ni faili fupi ya maandishi inayoeleza kila chaguo, unaihifadhi kwenye Git pamoja na msimbo wako. Hata bando si kisingizio: chanzo cha vitu vyote hivyo, kikiwa kimebanwa, ni takribani megabaiti 300, unakipakua mara moja na kukitunza. Hofu tunayowarithisha wanafunzi ni ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Na hapa kuna mgongano ambao sijaona ukijibiwa. Tunaambiwa tuwaachie wataalamu. Basi tuwatazame wataalamu wenyewe wanafanya nini. OpenWrt, mradi uliozaliwa baada ya chanzo cha ruta ya Linksys WRT54G kutolewa mwaka 2003 kwa shinikizo la leseni ya GPL, ukiujenga kutoka kwenye chanzo, moja ya kazi zake za mwanzo ni kujenga kompaila yake. Mfumo wa OpenEmbedded, ulio ndani ya Yocto, hujenga GCC mtambuka kabla ya kugusa kifurushi chochote cha kifaa. Wanaoendesha mifumo hiyo ndio wanaojua kuliko wote gharama ya kujenga, na wameamua kuilipa. Kuwaheshimu wataalamu kwa kufanya kinyume cha wanachokifanya si heshima.

Wapo wanaosema siku hizi bodi zina nguvu, kompaili humohumo yaishe. Kwa bodi ya majaribio, sawa. Kwa kifaa chenye kumbukumbu ya megabaiti 64, faili moja nzito ya C++ inatosha kuimaliza yote, na kifaa kinachouzwa kikiwa na kompaila ndani kimemwachia mvamizi vifaa vya kazi.

Imebaki hoja ya mteja, na hiyo ndiyo naichukulia kwa uzito kuliko zote, kwa sababu mteja ndiye atakayelipa. Watu wa Tanzania na Kenya wanajua kinachotokea mhandisi anapochagua namba ndogo ya kuhesabia muda. Mita za umeme za kulipia kabla zinazofuata kiwango cha STS huhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, katika nafasi ya biti 24, na nafasi hiyo ilijaa Novemba 24, 2024. Mita ambayo haikusasishwa kabla ya siku hiyo isingepokea tokeni mpya. Kwa hiyo mama mwenye mgahawa na mzee asiyeona vizuri wakasimama mbele ya mita wakibonyeza mafungu ya tarakimu 20, fungu baada ya fungu, kurekebisha uamuzi uliofanywa zaidi ya miaka thelathini iliyopita na watu wasiowafahamu. Angalau mita zile ziliundwa zikiwa na njia ya kurekebishwa kwa kubonyeza.

Kwenye Linux ya biti 32 kuna siku kama hiyo: Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Hapo sekunde zilizohesabiwa tangu 1970 zitaijaza nafasi ya biti 32, na sekunde itakayofuata itasomeka kuwa Desemba 1901. Kerneli ilikwisha kutengenezewa njia, ikakamilika katika toleo la 5.6 mwaka 2020. Musl ilihamia biti 64 katika toleo la 1.2.0 mwaka huohuo. Glibc iliruhusu biti 64 kwa mashine za biti 32 kuanzia 2.34, lakini mpaka uombe mwenyewe kwa _TIME_BITS=64 pamoja na _FILE_OFFSET_BITS=64. Na haitoshi kuomba kwenye programu yako: maktaba moja ikihesabu kwa biti 32 na nyingine kwa 64, zitapeana muda usiosomeka. Debian walipoihamisha armhf mwaka 2024 iliwabidi wakompaili upya sehemu kubwa ya mfumo. Kwa hiyo swali la mwaka 2038 linajibiwa siku unapojenga seti ya zana. Anayepakua seti ya zamani ya mtengeneza chipu leo, akafunga mita ya maji au kifaa cha sola chenye umri wa miaka kumi na mitano, amekwisha kulijibu kwa niaba ya mteja, na amejibu vibaya bila kulisikia likiulizwa. Mteja halipii kompaila, ni kweli. Analipia miaka.

Wahadhiri wanaweza kuyabadilisha haya ndani ya muhula mmoja: kila mwanafunzi wa mifumo ya aina hii ajenge seti moja kwa crosstool-NG au Buildroot, aeleze kwa maandishi kwa nini alichagua musl au glibc, na aonyeshe kwa readelf kwamba kilichotoka ndicho alichokusudia. Wakuu wa miradi wanaweza kudai faili ile fupi ya maelekezo iwe sehemu ya bidhaa, kama wanavyodai mchoro wa bodi. Na anayesisitiza kwamba seti yake ya kupakua haina tatizo ana kipimo rahisi. Iweke saa ya bodi saa 12 na dakika 13 asubuhi, Januari 19, 2038, iache programu iendelee kuhesabu matumizi ya mteja, na usubiri dakika mbili. Tarehe ikirudi 1901, au programu ikishindwa kuitaja, usifunge hata kifaa kimoja kabla ya kujenga upya kompaila iliyokizaa.